Mtoto mwenye pumu kituoni: maswali tunayoulizwa na wazazi na walezi hapa Mwanza

Kituo chetu cha kulelea watoto mchana kipo upande wa Kirumba, hatua chache kutoka ziwani. Watoto wetu ni wa miaka 2 hadi 5, na karibu kila mwaka tunapokea mwenye pumu. Mimi ni mlezi, si daktari wala muuguzi. Ninayoandika hapa nimefundishwa na madaktari wa watoto, na mengine nimeyapata kwa kukaa na watoto wenyewe. Karatasi aliyokuandikia daktari wa mwanao inatangulia kila kilichomo humu.

Mwanangu kila akishikwa na mafua kifua kinalia mluzi. Ndiyo pumu hiyo?

Inaweza kuwa, inaweza isiwe. Njia za hewa za mtoto mdogo ni nyembamba, na mafua tu ya virusi yanatosha kuzibana mpaka zikapiga mluzi. Ndiyo maana daktari mwangalifu hakimbilii kutamka neno pumu kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili. Wengi wa watoto hao huacha kubanwa wakikaribia umri wa darasa la kwanza. Kinachomsogeza daktari upande wa pumu ni mtoto anayekohoa usiku au alfajiri hata asipokuwa na mafua, anayekohoa akicheka au akikimbia, mwenye pumu ya ngozi (ukurutu), au ambaye mzazi wake ana pumu. Akipewa dawa ya kufungua kifua akapata nafuu ya haraka, hilo nalo linahesabiwa.

Jambo moja naliweka peke yake. Mtoto aliyekuwa mzima, akatafuna karanga au akaweka kifuniko mdomoni, akapaliwa na kifua kikaanza kulia papo hapo, huyo usimtafutie pumu. Huenda kuna kitu kimeingia kwenye njia ya hewa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana ametulia.

Inaambukiza?

Haiambukizi. Analala na wenzake, anakula nao, anacheza nao. Kinachoambukizana ni mafua, na mafua ndiyo yanayoamsha pumu ya watoto wengi wa umri huu. Kwa hiyo tukisisitiza watoto wanawe mikono, yeye ndiye anayefaidika kuliko wote.

Kwa nini mnang'ang'ania inhela (kopo la dawa ya pumu ya kuvuta) ibaki kituoni? Si mnipigie simu tu, nitakuja nayo.

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, nami nalijibu kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka wetu wa pili, asubuhi moja ya Juni yenye vumbi, binti wa miaka 3 alibanwa wakati wa uji. Inhela yake ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kabati la dawa, kabati limefungwa, ufunguo umo kwenye pochi yangu, nami nimekwenda mjini kulipa bili. Walezi wawili wakabaki wanampepea, wakampigia mama yake, wakanipigia mimi. Nilipofika na bodaboda ilikuwa imeshapita nusu saa. Nilimkuta amekaa ameinama mbele, viganja viwili vimeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na kikombe cha uji kimejaa vilevile alivyokipokea. Hakuwa analia. Pumzi ya kulia hakuwa nayo. Alipata dawa, akapelekwa hospitali, akawekewa oksijeni, akapona. Mama yake alinishukuru kwa kukimbia, na shukrani ile iliniuma kuliko kama angenigombeza.

Mama anayeuza dagaa Mwaloni au baba aliyeko Nyegezi stendi hawezi kufika kwa dakika tano, hata ampende mwanawe namna gani. Dakika za kwanza ni za yule aliye karibu na mtoto. Kwa hiyo siku hizi kila mtoto mwenye pumu ana mfuko wake wa kitambaa, umetundikwa msumarini kando ya mlango wa darasa, juu ya kimo cha watoto, wenye jina na picha yake. Ndani kuna inhela, spesa (chupa ya plastiki yenye barakoa inayochomekwa inhela ili mtoto avute dawa taratibu) na karatasi ya daktari. Hakuna kufuli. Watoto wakitoka kucheza, mfuko unatoka nao. Tulipowapeleka kutembea Kisiwa cha Saanane, mfuko ulipanda boti kabla ya chakula.

Tunaomba inhela mbili: moja ya nyumbani, moja ya kituoni. Inhela moja inayosafiri kila siku kwenye begi la shule, siku moja itasahaulika.

Hiyo karatasi ya daktari iwe na nini?

Jina la mtoto, dawa yake, idadi ya mibonyezo wakati wa kubanwa, baada ya muda gani irudiwe, ni lini tusisubiri tena, na namba mbili za simu zinazopokelewa. Iwe kwa Kiswahili. Tumewahi kuletewa karatasi nzuri iliyojaa vifupisho ambavyo hakuna mlezi aliyeweza kuvisoma. Tukamwomba mzazi airudishe kliniki ikaandikwe upya, na daktari hakukasirika. Ibadilishwe kila dawa inapobadilika, au angalau mara moja kwa mwaka.

Nini hasa kinatokea kifuani?

Vishipa vidogo vya hewa ndani ya mapafu huvimba kwa ndani, misuli inayovizunguka hukaza, na ute mzito huziba nafasi iliyobaki. Jaribu kupumua kwa mrija wa soda huku umeubana kwa meno. Utaionja kazi yake, na kwenye pumu kutoa hewa ni kugumu kuliko kuvuta. Ule mluzi ni hewa inayolazimisha kutoka.

Ndiyo maana dawa ni za aina mbili. Salbutamol, ambayo mara nyingi iko kwenye inhela ya bluu, hulegeza misuli ndani ya dakika chache, lakini uvimbe hauugusi. Uvimbe hutulizwa taratibu na inhela ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonaidi, inayotumika kila siku hata mtoto akiwa mzima kabisa.

Je, hiyo ya kuzuia mnampa ninyi?

Kwa kawaida hapana. Hupewa asubuhi na jioni, na hizo ni saa za nyumbani. Iweke karibu na kupiga mswaki ili isisahaulike, kisha asukutue mdomo au umpanguse uso na ulimi, kwa sababu mabaki yake huleta utando mweupe mdomoni. Usiikatishe kwa sababu mtoto ameacha kukohoa. Ameacha kwa sababu anaitumia.

Walezi wanajuaje kwamba anabanwa? Mtoto wa miaka 2 hawezi kusema.

Anasema kwa mwili. Anaacha mchezo bila sababu na kuja kukaa. Anakataa uji. Anakohoa kikohozi kikavu kisichokoma. Tunamvua shati na kutazama: ngozi katikati ya mbavu au chini ya koo inazama kila akivuta pumzi? Matundu ya pua yanapanuka? Kisha tunahesabu pumzi kwa dakika nzima, saa mkononi, akiwa ametulia. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 5 akifikisha 40 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kiasi. Kwa wa miezi 2 hadi mwaka mmoja, kipimo ni 50. Namba hizi ndizo zinazotumika pia kutilia shaka nimonia, kwa hiyo mwenye homa pamoja na pumzi za haraka aonwe na mtaalamu hata kama ana pumu inayojulikana.

Mzazi, tuambie ishara ya mwanao. Kuna mmoja kwetu hujikuna kidevu nusu saa kabla ya kubanwa. Bila bibi yake kutuambia, tungedhani ni joto.

Akibanwa, mnafanya nini hasa?

Mlezi mmoja anabaki naye, mwingine anawahamisha wenzake na kuwaimbisha, maana mtoto akizungukwa na macho ishirini anaogopa, na woga unazidisha kuhema. Tunampakata akiwa ameketi wima, nguo za shingoni zimelegezwa. Hatumlazi. Hatumbebi mgongoni kwa kanga pia. Najua mkono wa mama unakimbilia kanga, lakini kifua kilichokazwa kwenye mgongo wa mtu kinakosa pa kupanukia, na aliyembeba haoni uso wake.

Tunatikisa inhela na kuichomeka kwenye spesa. Barakoa inafunika pua na mdomo bila upenyo. Tunabonyeza mara moja, tunamwacha avute na kutoa pumzi mara tano au sita. Tunatikisa tena, tunabonyeza ya pili. Kila mbonyezo na zamu yake, kwa sababu ukibonyeza miwili kwa mpigo dawa nyingi huishia kwenye kuta za chupa. Maelekezo ya kimataifa ya pumu, GINA, kwa mtoto wa miaka 5 na chini yake huanza na mibonyezo miwili ya salbutamol ya mikrogramu 100, na hurudiwa kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza kama bado hajafunguka, huku safari ya hospitali ikiwa imeanza. Karatasi ya daktari ikisema idadi nyingine, tunafuata karatasi. Mzazi tunampigia baada ya dawa ya kwanza kuingia, si kabla. Saa na idadi ya mibonyezo vinaandikwa kwenye daftari, kwa sababu hospitali watauliza.

Mpakataji ajitahidi mtoto asilie wakati wa dawa. Anayelia huvuta kidogo mno. Sisi huhesabu naye kwa sauti, "moja, mbili, tatu", na siku za kawaida tunacheza mchezo huo huo na mwanasesere ili barakoa isiwe kitu kigeni.

Ni lini hamsubiri dawa ifanye kazi?

Akishindwa kuongea, kulia au kunywa kwa ajili ya pumzi. Midomo, ulimi au fizi zikiwa za buluu au kijivu. Kwa watoto wetu weusi tazama ndani ya mdomo na kwenye kucha, si mashavuni. Akilegea, akisinzia, akishindwa kukutambua. Na kifua kilichokuwa kinalia kikanyamaza ghafla huku bado anahangaika: hiyo si nafuu, hewa haipiti. Hapo tunaondoka mara moja na dawa inaendelea kutolewa njiani. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kama yuko nyumbani kwako, apelekwe mapema zaidi kuliko wengine.

Kila kituo kiandike ukutani kinakimbilia wapi. Waulizeni mapema, siku ya amani, zahanati iliyo karibu kama ina oksijeni na nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta), ili msipoteze muda mlangoni. Kwetu ni hospitali ya Sekou Toure. Wanaohitaji zaidi hupelekwa hospitali ya Bugando. Tuna namba za madereva wawili wa bajaji wanaoegesha hapo chini, wote wameshaambiwa maana ya simu yetu. Wenye vituo huku juu kwenye mawe, ambako gari halipandi, pangeni ni nani atambeba mtoto hadi barabarani na kwa njia ipi.

Spesa ni lazima? Duka la dawa waliniuzia inhela peke yake.

Kwa mtoto wa umri huu ni lazima. Hawezi kuvuta pumzi sawasawa na mbonyezo. Bila spesa dawa inagonga koo na kumezwa. Ukikosa ya dukani, chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500 inafaa. Isafishwe na kukauka, itobolewe kitakoni kwa waya wa moto, tundu lienee sawasawa mdomo wa inhela, kingo zilainishwe na upenyo uzibwe. Watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha mwaka 1999 matokeo ya majaribio kwa watoto, na chupa iliyotengenezwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Mtoto mdogo atahitaji barakoa mbele yake. Mwombe mhudumu wa kliniki akuoneshe namna ya kuiunganisha.

Ioshwe mara moja kwa wiki kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa. Kufuta kunaipa plastiki umeme unaonasa dawa.

Nimeambiwa mtoto akizoea inhela hataiacha, na inaharibu moyo.

Hofu hii imewafanya watoto wengi wateseke. Inhela haileti uraibu. Mtoto anayeihitaji kwa muda mrefu ana pumu ya muda mrefu, na angekuwa nayo hata bila inhela. Salbutamol inaweza kufanya moyo uende mbio na mikono itetemeke kwa muda mfupi, hupita. Kinachotishia uhai ni kukosa hewa.

Lakini mtoto wa umri huu akihitaji ile ya bluu zaidi ya mara moja kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa vizuri. Mrudishe kliniki. Daftari letu lina tarehe zote, njoo ulichukue.

Dawa ya maji si rahisi zaidi? Au amoxi?

Salbutamol ya kunywa inazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani, inachelewa, na inamtetemesha mtoto zaidi. Ya kuvuta inakwenda pale pale kwa kipimo kidogo. Amoxi ni ya bakteria, pumu si bakteria. Nimeona watoto waliokunywa dozi nne za amoxi kwa mwaka mmoja kwa kikohozi cha usiku ambacho hakuna aliyekiita kwa jina lake.

Mazingira ya huku ziwani yanamwathiri vipi?

Hapa ndipo mwenye kituo Mwanza anapaswa kufikiri mwenyewe, kwa sababu vipeperushi vingi huongelea mazulia na paka.

Kwanza moshi. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, ukibeba moshi wa wanaobanika samaki moja kwa moja hadi madirishani kwetu. Kina mama wale ndio wazazi wa watoto wetu, na samaki ndiyo ada. Tulikwenda tukakaa nao, wakasogeza tanuri la karibu zaidi, nasi ikifika saa tano tunafunga madirisha ya upande wa ziwa na kufungua ya mlimani. Jiko letu la mkaa lilikuwa kwenye korido. Sasa tunapikia gesi, banda liko nyuma. Jirani huchoma takataka jioni baada ya watoto kuondoka. Tulimwomba, akakubali.

Pili, wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama nguzo ya moshi na usiku kujazana kwenye taa. Asubuhi unakuta lundo lao chini ya balbu, makavu, yanavunjika kuwa unga. Nchini Sudan, kando ya Mto Nile, wadudu wa jamii hiyo walithibitika kuamsha pumu. Usifagie kikavu. Tunazima taa za nje usiku zisizo za lazima, na alfajiri mlezi wa zamu anapangusa kwa kitambaa chenye maji kabla mtoto wa kwanza hajafika.

Kiangazi cha Juni hadi Septemba huleta vumbi na asubuhi za baridi. Tunanyunyiza maji uani, na mtoto aje na sweta. Magodoro yana foronya za plastiki na huanikwa juani. Dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza, ubani, jiki na rangi ya ukuta vyote husubiri watoto wasiwepo. Mende nao huamsha pumu, kwa hiyo mabaki ya chakula hayalali darasani. Na anayevuta sigara, hata nje ya geti, moshi unaingia na nguo zake.

Akimbie kama wenzake? Kuna vyakula vya kukatazwa?

Akimbie. Kumkalisha kitini mwaka mzima kunamnyima nguvu na marafiki. Akikohoa kila akikimbia, daktari ajue. Chakula ni nadra kuamsha pumu, na huyu mtoto anahitaji mayai, samaki na maziwa kama wengine, labda kama ameshaonekana kudhurika na kimojawapo.

Nitajuaje inhela imeisha?

Nyingi zina mibonyezo 200. Yenye kihesabio, soma namba. Isiyonacho, andika kila mbonyezo. Usiipime kwa kuiacha ielee kwenye maji, haikuambii kitu. Kutikisa nako kunadanganya, gesi hubaki wakati dawa imekwisha. Isiwekwe juani wala juu ya kabati chini ya bati; kopo hutakiwa kukaa chini ya nyuzi joto 30. Mpya, au iliyokaa muda mrefu, ipulizwe hewani mara chache kwanza.

Bibi yake anampa dawa za miti shamba. Mtanisaidia kumwambia?

Tutaongea naye, kwa heshima na mapema, si siku ya ugonjwa. Mwambie, "Shikamoo bibi, nifundishe unavyomtuliza," kisha mwoneshe spesa na umwache aishike. Bibi aliyefundishwa ni mlezi bora kuliko sisi. Tunachomwomba ni viwili tu: asimvutishe moshi wa kitu chochote, na asicheleweshe inhela akingoja mti ufanye kazi.

Inhela ya mtoto mmoja inaweza kupewa mwingine?

Siku ya kawaida hapana. Lakini mtoto ambaye pumu yake inajulikana, amebanwa vibaya na yake imeisha, salbutamol ya mwenzake ni bora kuliko kusubiri. Mzazi mwenye inhela ataambiwa siku hiyo hiyo, na spesa itaoshwa.

Ametoka hospitali. Arudi lini?

Akiwa anakula, analala usiku bila kukohoa sana, na hahitaji ile ya bluu kila baada ya saa chache. Umlete mwenyewe siku ya kwanza, si na bodaboda ya kukodi, uje na karatasi mpya na inhela yenye dawa. Tutakaa dakika kumi mlangoni, utanionesha unavyobonyeza, nami nitakuonesha mahali mfuko wake ulipotundikwa.